Intakomu ya Video Katika Jengo Dogo la Fleti: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Intakomu ya video ikigoma katika jengo la fleti 6 au 10, kinacholaumiwa kwanza ni kile kinachoonekana: skrini ya ukutani au paneli ya mlangoni yenye kamera na vitufe. Mkazi huomba skrini mpya, fundi asiyependa mabishano huibadilisha, na baada ya wiki mbili tatizo hurudi vilevile. Katika kazi hii nimekutana na skrini chache mno zilizokuwa zimekufa kweli. Mara nyingi kosa limekuwa kwenye waya, kwenye maungio ya waya, au kwenye pawasaplai inayotoa volti kamili ikiwa haina mzigo na kuishiwa nguvu mara inapopewa kazi. Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia kwenye umeme na nyaya, na kuvifikia vifaa vyenyewe baadaye.

Kabla ya kushika bisibisi

Uliza kwanza ni nani wanaoathirika. Tatizo likiwa katika fleti moja tu, chanzo kiko kati ya kigawanyio cha ghorofa (kisanduku kinachogawa laini kwa fleti za ghorofa moja) na skrini ya fleti hiyo, na hakuna haja ya kugusa paneli ya mlangoni. Likizikumba fleti zote za ghorofa moja huku ghorofa nyingine zikiwa salama, kitazamwe kigawanyio cha ghorofa hiyo pamoja na kebo inayokilisha. Jengo zima likinyamaza, basi ni paneli ya mlangoni, pawasaplai kuu, au kebo ya shina inayopanda kutoka chini. Kisha uliza ni lini: wakati wa mvua, usiku tu, mlango unapofunguliwa, au tangu siku ruta ilipobadilishwa. Majibu ya maswali hayo mawili huokoa nusu ya kazi, na mlinzi au mkazi wa ghorofa ya chini huwa anayajua kuliko aliyepiga simu kulalamika.

Ni lazima pia kujua mfumo ni wa aina gani, kwa sababu dalili moja huwa na vyanzo tofauti katika mifumo tofauti. Mfumo wa analojia wa waya nne hubeba sauti, picha, umeme na waya wa pamoja, kila kimoja kwenye waya wake. Mfumo wa waya mbili hupitisha vyote hivyo kwenye jozi moja, na kila skrini hutambuliwa kwa anwani yake. Mfumo wa mtandao hutumia kebo ya kompyuta na swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha kebo hizo), na aghalabu hupata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, utaratibu unaojulikana kwa ufupi kama PoE. Kuhesabu nyaya zilizofungwa nyuma ya skrini, baada ya kuzima umeme, kwa kawaida kunatosha kujua uko kwenye mfumo upi.

Katika mkoba, pamoja na multimita na kipima kebo, beba kipande cha kebo nzuri chenye urefu wa mita 2. Skrini inayoshukiwa ing'olewe ukutani, ishushwe hadi mlangoni, na iunganishwe na paneli au na pawasaplai kwa kipande hicho kifupi. Ikifanya kazi hapo, skrini haina kosa lolote na lawama inarudi kwenye kebo iliyomo ukutani. Sijaona kipimo kingine kinachomaliza mabishano upesi kama hiki.

Mlango haufunguki, au mfumo unazimika mlango unapofunguliwa

Hili ndilo lalamiko la mara kwa mara, na lina vyanzo vingi kuliko yote. Mtu mmoja abaki juu akibonyeza kitufe cha kufungulia huku fundi akiwa amesimama chini karibu na paneli, akisikiliza. Relei ya ndani ya paneli, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, hutoa mlio mdogo, "tik", inapofunga. Mlio usiposikika, amri haijafika au relei imekufa. Mlio ukisikika na kitasa kikabaki kimya, umeme haufiki kwenye kitasa. Kitasa kikinguruma au kugonga lakini mlango ukagoma, tatizo si la umeme tena. Ni la mlango.

Tuanze na hilo la mwisho kwa kuwa huumiza kichwa bure. Kitasa cha umeme cha aina ya kawaida hakiwezi kuachia ulimi wa kufuli ulioegemezwa kwa nguvu. Mlango ulioshuka kwenye bawaba, mpira mnene wa kuzuia upepo, au upepo wenyewe unaosukuma mlango kwa nje hutosha kuuegemeza. Namna ya kuthibitisha ni rahisi: sukuma mlango ndani kidogo, kama unaufunga zaidi, kisha mwenzako abonyeze. Ukifunguka, rekebisha bawaba au sogeza bamba la kitasa kwa milimita chache. Usibadilishe kitasa.

Umeme usipofika, pima volti kwenye miguu ya kitasa chenyewe, kitasa kikiwa kimeunganishwa na mtu akiwa amebonyeza kitufe. Kupima waya uliofunguliwa hakukuambii lolote, kwa sababu multimita haivuti mkondo wa maana na hata waya mbovu utaonyesha volti 12 kamili. Chukua mfano wa kitasa cha volti 12 kinachovuta ampea 1, kilichoko mita 40 kutoka kwenye pawasaplai. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 80. Ukitumia waya wa milimita mraba 0.5, ukinzani wa njia nzima unakaribia omu 2.9, na kitasa kitabaki na volti 9.7 hivi, kwa kuwa mkondo nao hupungua kidogo volti zinaposhuka. Ukitumia jozi moja ya kebo ya mtandao, ambayo nyaya zake zina kipenyo cha nusu milimita tu, ukinzani unafika karibu omu 7 na kitasa kinapata chini ya volti 8. Hapo kitatetemeka bila kufunguka. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5, ukinzani ni omu 1 hivi na kitasa kinapata volti 11. Pawasaplai ni ile ile, kitasa ni kile kile, na kilichobadilika ni unene wa waya peke yake.

Dalili ya ndugu yake ni hii: mlango unafunguka, lakini papo hapo skrini zote zinazimika na paneli inaanza upya kana kwamba imechomolewa. Hapo kitasa na paneli vinakula kutoka kwenye chungu kimoja, na kitasa kinapoamka kinavuta mkondo mwingi kiasi kwamba volti za paneli zinashuka chini ya kiwango chake. Tiba ni kukipa kitasa pawasaplai yake, huku relei ya paneli ikitumika kama swichi tu. Wapo wanaoweka kapasita kubwa ili kuziba pengo. Huwa inasaidia kwa miezi kadhaa, kisha kitasa kinapochakaa na kuwa kizito tatizo linarudi.

Mfumo unaokwama mara moja moja baada ya mlango kufunguliwa, bila kuzimika, una chanzo kingine. Koili ya kitasa inapokatiwa umeme hurudisha msukumo wa volti nyingi kwa muda mfupi sana, na msukumo huo huchoma ncha za relei na kuvuruga akili ya paneli. Kwa kitasa cha umeme wa moja kwa moja, funga dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, pale pale kwenye kitasa, upande wenye mstari ukielekea kwenye chanya. Ikigeuzwa itafanya shoti mara kitufe kitakapobonyezwa. Kitasa kinachonguruma kwa umeme wa transfoma hakifungwi dayodi hata kidogo. Hicho hufungwa varista, kijenzi kinachomeza msukumo wa volti kutoka pande zote mbili.

Kufuli ya sumaku ina tabia zake. Hushikilia mlango inapopata umeme na kuuachia unapokatika, hivyo hufungwa kwenye mguu wa relei ambao kwa kawaida umegusana, si ule ulio wazi. Fundi aliyezoea vitasa vya kawaida akikosea hapo, mlango hukaa wazi siku nzima na hujifunga kwa sekunde chache mtu anapobonyeza kitufe cha kufungulia, jambo ambalo wakazi hulieleza kama "mlango umerogwa". Sumaku inayoshika kwa unyonge, kwa upande mwingine, mara nyingi inatokana na bamba la chuma lililokazwa mno. Bamba hilo linapaswa kuchezacheza kidogo kwenye boliti yake, juu ya washa ya mpira, ili liweze kulala bapa kwenye uso wa sumaku. Pengo lenye unene wa karatasi chache hupunguza nguvu ya kushika kwa kiasi kikubwa. Na kwa kuwa kufuli hii iko kwenye njia ya watu kutoka, ni lazima iachie umeme wa jengo unapokatika bila betri ya akiba, king'ora cha moto kinapolia, na mtu anapobonyeza kitufe cha kutokea ndani. Pima yote matatu kila unapoigusa, hata kama uliitwa kwa ajili ya jambo jingine.

Jambo moja hapa si hitilafu bali ni kasoro ya ufungaji. Nyaya za kitasa zikipita ndani ya paneli ya nje, mtu mwenye bisibisi anaweza kuing'oa, kugusanisha nyaya mbili na kuingia. Relei ya kufungulia iwekwe ndani ya jengo, kwenye kisanduku kinachopokea amri kutoka kwenye paneli kwa njia ya data. Watengenezaji wengi huuza kifaa hicho kando, na ndiyo sababu wafungaji wengi hukiruka.

Skrini haiwaki kabisa

Kama ni fleti moja, pima volti nyuma ya skrini ikiwa imeunganishwa. Volti zikiwepo na skrini ikabaki nyeusi, fanya kile kipimo cha kebo fupi kabla ya kutoa hukumu. Volti zisipokuwepo, rudi nyuma hatua kwa hatua: kigawanyio, fyuzi, kebo ya shina, pawasaplai. Ukikuta volti nusu, tafuta skrubu iliyobana ganda la plastiki la waya badala ya shaba yenyewe. Kosa hili hutokea kwa fundi mwenye haraka, na huweza kufanya kazi kwa mwaka mzima kabla ya kujitokeza.

Kagua pia kebo yenyewe. Kebo nyingi za bei rahisi si shaba tupu bali ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, huvunjika ukiikunja mara chache, na maungio yake huota kutu nyeupe. Kwangua waya mmoja kwa ncha ya kisu: rangi ya fedha ikitokea chini ya wekundu, umepata jibu, na hesabu zote za umbali zilizoandikwa kwenye kijitabu cha mfumo hazina maana kwenye kebo hiyo.

Picha mbaya

Picha yenye kivuli, yaani kila mstari ukijirudia kidogo upande wa kulia, inatokana na mawimbi yanayogonga mwisho wa kebo na kurudi. Katika mifumo ya waya mbili, skrini iliyo mwisho wa laini ina swichi ndogo ya kumalizia laini, na inapaswa kuwashwa kwenye skrini hiyo tu. Zikizimwa zote, kivuli kinatokea. Zikiwashwa zote, jambo ambalo fundi mwenye nia njema hulifanya "ili ziwe sawa", picha inafifia na skrini za mbali zinaweza kukosa picha kabisa. Fleti mpya ikiongezwa mwisho wa laini, swichi ya iliyokuwa ya mwisho izimwe. Hatua hii husahauliwa kila mara.

Picha isiyo na rangi na inayobiringika bila kutulia kwenye mfumo wa analojia, hasa baada ya kubadilisha kamera au skrini, ni kutoelewana kwa PAL na NTSC, mifumo miwili tofauti ya kutuma picha ya analojia. Badilisha chaguo hilo kwenye menyu ya skrini. Mistari mipana inayopanda taratibu ni uchafu wa umeme wa nyumba: ama pawasaplai imezeeka, ama waya wa ardhini umefungwa sehemu mbili tofauti na mkondo unazunguka kati yake, ama kebo imelazwa bomba moja na nyaya za umeme. Kebo ya intakomu ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye nyaya za umeme, na pale zinapolazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba.

Uso wa mgeni ukiwa mweusi mchana, kamera inatazama mwanga. Ikiwa paneli ina marekebisho ya mwanga wa nyuma, yawashwe. La sivyo, igeuzwe au ihamishwe, kwa kuwa hakuna menyu inayoweza kushindana na jua la jioni. Ukungu mweupe wa usiku husababishwa na taa za infraredi zinazorudishwa na vumbi, utando wa buibui, au kingo ya ukuta iliyo karibu mno na lenzi. Kitambaa laini humaliza kazi hiyo kwa dakika moja. Vipaji vya nyuso pekee vikionekana, paneli imefungwa chini mno. Lenzi ikiwa kwenye kimo cha mita 1.5 hadi 1.6 watu wengi huonekana vizuri.

Sauti

Mluzi mkali unapotokea mara mkazi anapojibu, sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni. Mafundi wengi hukimbilia kupunguza sauti, na wakazi huishia kulalamika kwamba hawasikii. Kwanza fungua paneli utazame sponji inayoizunguka maikrofoni: ikiwa imeng'oka au haikuwekwa, sauti inapita ndani ya kasha lenyewe, na kuirudisha mahali pake huponya mluzi bila kugusa kiwango cha sauti. Skrini iliyo karibu na mlango wa nje, kama ile ya fleti ya chini, inaweza kupiga mluzi kwa sababu ya ukaribu huo tu.

Mkazi akimsikia mgeni lakini mgeni asimsikie mkazi, au kinyume chake, tazama vitundu kabla ya nyaya. Nimewahi kutumia saa nzima nikipima jozi za kebo, kumbe mpaka rangi aliyepita wiki iliyotangulia alikuwa ameziba kitundu cha maikrofoni kwa rangi ya mafuta. Silikoni ya fundi nayo hufanya hivyo hivyo. Katika mifumo ya mtandao, sauti ya upande mmoja inaweza pia kutokana na paneli na skrini kutumia mfumo tofauti wa kusimba sauti, au na ruta inayozuia njia ya sauti ingawa imeruhusu wito wenyewe. Chagua mfumo wa kusimba uitwao G.711 pande zote mbili na upime upya, ukiwa umeviweka vifaa vyote kwenye mtandao mmoja bila ruta kati yake.

Wito unalia fleti nyingine

Hapa kosa ni anwani, karibu kila mara. Katika mifumo mingi ya waya mbili, anwani huwekwa kwa swichi ndogo zenye thamani 1, 2, 4, 8, 16 na 32, na anwani ni jumla ya zilizowashwa. Fleti ya 5 ni swichi zenye thamani 1 na 4. Fundi asiyejua hivyo huwasha swichi ya tano peke yake, ambayo thamani yake ni 16, halafu hushangaa kwa nini fleti ya 5 haipokei wito na fleti ya 16 haipo kwenye jengo. Baadhi ya mifumo huanza kuhesabu kutoka 0, na hapo kila wito hulia kwenye fleti ya jirani. Ukiona fleti zote zimepishana kwa moja, usiguse swichi za skrini, rekebisha mpangilio wa paneli. Baada ya kubadilisha anwani, zima umeme na uwashe tena, kwa kuwa skrini nyingi husoma swichi hizo zinapoamka tu.

Skrini mbili zinazolia pamoja zina anwani moja. Kama zimo katika fleti moja ni sawa, mradi moja iwe kuu na nyingine iwe ya ziada. Kuwa na mbili kuu katika fleti moja huleta picha inayoonekana hapa na kukataa pale.

Katika mifumo ya mtandao tatizo linalofanana na hili ni skrini mbili zenye anwani moja ya IP, kwa kawaida ile iliyotoka nayo kiwandani. Hufanya kazi kwa kupokezana, leo hii kesho ile. Chomoa skrini unayoishuku, kisha iite anwani yake kwa amri ya ping kutoka kwenye kompyuta: ikijibu wakati imechomolewa, kuna nyingine inayoitumia. Zipe skrini na paneli anwani zisizobadilika, nje ya zile ambazo ruta inazigawa yenyewe, vinginevyo siku umeme utakapokatika na kurudi zitabadilishana nafasi.

Kebo ya mtandao inayodanganya kipima kebo

Niliitwa kwenye jengo ambalo skrini za ghorofa ya chini zilifanya kazi vizuri na za ghorofa za juu zilikuwa zikikatika kila baada ya dakika chache. Kipima kebo kiliwasha taa zote nane kwa mpangilio sahihi. Swichi ya mtandao ilibadilishwa, paneli ikarudishwa dukani, na tatizo likabaki. Nilipokata konekta moja na kuitazama kwa karibu niliona kwamba aliyezifunga alipanga jozi kwa kufuatana: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Mpangilio sahihi unataka waya wa 3 uwe jozi moja na wa 6, na wa 4 na 5 wawe jozi katikati yao. Kwa kuwa kosa lilikuwa lile lile kwenye ncha zote mbili, kila waya ulifika mahali pake na kipima kebo kikaridhika, lakini data iliyopaswa kupita kwenye waya mbili zilizosokotwa pamoja ilikuwa inapita kwenye nyaya mbili zisizo na uhusiano, na kelele zikaingia. Kwenye kebo fupi hali hiyo huvumilika. Kwenye kebo ndefu haivumiliki. Kufunga konekta upya kwa mpangilio huo sahihi, uitwao T568B, kwenye ncha zote kulimaliza kazi alasiri moja.

Kuhusu umeme kupitia kebo: kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye swichi, na kifaa kilicho mwisho wa kebo kinahakikishiwa wati 12.95, ndani ya mita 100. Paneli inayolisha pia kitasa kutoka kwenye umeme huo inaweza kuvuka kiwango, ikazimika mlango unapofunguliwa, yaani dalili ile ile ya mwanzo kwa sura nyingine. Swichi au adapta za volti 24 zisizofanya mapatano na kifaa kabla ya kutoa umeme ni kitu tofauti kabisa, ingawa huuzwa kwa jina lile lile la PoE; paneli ya 802.3af haitawaka ikiunganishwa nazo. Soma volti zilizoandikwa ubavuni, usisome jina.

Wito haufiki kwenye simu

Baadhi ya mifumo hupeleka wito pia kwenye programu iliyo katika simu ya mkazi. Skrini ikilia na simu ikanyamaza, nyaya za intakomu hazina kosa. Tafuta kwenye intaneti au kwenye simu. Kwenye simu, mara nyingi ni mpangilio wa kuokoa betri unaoizima programu ikiwa haijafunguliwa kwa siku kadhaa. Kwenye jengo, mara nyingi ruta imebadilishwa na nenosiri jipya halikuwekwa kwenye skrini, au skrini imeunganishwa na mtandao wa wageni unaozuia vifaa visionane. Skrini nyingi hukubali Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz pekee, kwa hiyo ruta iliyoachwa kwenye 5 GHz tu haitaonekana kabisa.

Kagua pia saa na tarehe ya paneli. Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa baada ya umeme kukatika, seva inaweza kukataa muunganisho kwa kuwa hati za usalama zinasomeka kama bado hazijaanza kutumika, huku kila taa ikionyesha kwamba mtandao upo. Ukiwa bado kwenye menyu hiyo, badilisha nenosiri la kiwandani na ufute simu za wakazi waliohama, ambazo bado zinaweza kufungua mlango.

Mvua, kutu na sisimizi

Mfumo unaougua siku ya mvua na kupona jua likichomoza una maji mahali fulani, na kukausha bila kutafuta njia ya maji ni kuahirisha. Maungio yenye rangi ya kijani yakatwe hadi ifike shaba safi, yafungwe kwa viunganishi vyenye jeli, na yawekwe ndani ya kasha, yasiachwe yakining'inia ndani ya bomba. Kebo iingie kwenye kisanduku cha paneli kutoka chini, ikiwa imepindwa kama kitanzi, ili maji yanayoifuata yadondoke kwenye kipindo kabla ya kufika ndani. Bomba linalotoka ardhini lizibwe mdomo kwa sababu hewa yenye unyevu hupanda humo na kugeuka matone nyuma ya lenzi, hata pasipo mvua.

Sisimizi nao hupenda joto la paneli. Nimefungua paneli iliyokuwa haifungui mlango na kukuta maiti zao zimejazana pembeni mwa relei. Hewa ya kupuliza na brashi kavu vilitosha. Dawa ya kupulizia isitumike kwenye bodi, kwa kuwa huacha mafuta yanayonasa vumbi.

Baada ya radi, tarajia kuona tundu moja la swichi ya mtandao limekufa huku paneli ikiwa hai, au kinyume chake. Kebo inayotoka nje ya jengo kwenda kwenye geti ifungwe kinga ya msukumo wa radi upande wa jengo na upande wa geti, na kila kinga iwe na waya mfupi wa ardhini. Isipopata waya huo ni pambo tu.

Mwishoni, unaporudisha paneli ukutani, paka silikoni juu na ubavuni pande zote mbili. Upande wa chini uachwe bila silikoni, na vitundu vya kutolea maji vilivyo kwenye kasha visizibwe, kwa sababu ukungu utakaojikusanya ndani usiku unahitaji mahali pa kutokea asubuhi.